Ruta Mbili, Jina Moja

Jumanne, tarehe nane Oktoba, senta ilishuka mapema. Senta ndilo jina la moshi wa tanuru la shaba hapa Kapili, moshi mzito wenye ukali wa kiberiti. Siku upepo ukigoma, moshi huo haupandi mbinguni kama moshi wa watu wenye heshima. Unalala juu ya mabati yetu kama paka aliyeshiba. Kuku waliacha kupekua. Wanawake walifunika sufuria, wakafunga madirisha, wakaita watoto ndani. Mke wangu Bupe alikuwa ameketi kizingitini, viganja juu ya magoti, akivuta pumzi kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija mwembamba.

"Baba Kalaba," aliniambia, "leo moshi huu una meno."

Pumu tulikuwa tumeizoea. Ilikuwa mgeni wetu wa kila majira ya joto, inakuja, inatutesa, inaondoka. Lakini siku hiyo alipokitikisa kile kichupa chake cha kuvuta dawa, hakikutikisika kitu ndani. Nikachukua simu nikapiga namba ya dharura, zile tarakimu tatu walizozichora kwa rangi nyekundu ukutani mwa soko, mwa shule na mwa kanisa. Simu haikuita. Wala haikusema kwamba namba haipatikani. Ilikaa kimya, ukimya wa kisima kikavu, kisha ikatoa mlio mmoja mfupi na kurudi kwenye picha yake ya maua kana kwamba sikuwa nimeiomba chochote. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka kioo kikalowa jasho la kidole.

"Wamesemaje?"

"Bado hawajapokea."

"Waambie waje na ile gari yao mpya," alisema, akipumzika kati ya neno na neno. "Na mimi nipande. Nionekane mtu."

Alikuwa akitania. Bupe angetania hata mbele ya simba, ili mradi simba ana masikio.

Jirani yangu Kafula, muuza mkaa, alileta pikapu yake. Tulimlaza Bupe juu ya magunia matupu, nami nikaketi naye nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, vumbi jeusi likitupaka sote rangi moja. Barabara ya hospitali inazunguka lile lima la taka za mgodi, huwezi kulikata katikati. Kabla hatujafika kwenye kivuko cha reli, mkono wake uliokuwa umeshika ukosi wa shati langu ulilegea. Nilijua. Sikumwambia Kafula. Nilimwacha aendelee kupiga honi, maana siku ile honi ndicho kitu pekee katika mji mzima kilichokuwa kikisema neno na likasikika.

Gari la wagonjwa lilikuwa langoni. Jeupe, limeoshwa, magurudumu yamepakwa dawa yaking'aa. Dereva alikuwa kivulini mwake akila chikanda, ile mikate ya mizizi na karanga, kutoka kwenye kipande cha gazeti. Alipotuona tulivyo, alisimama, mikono yake ya mafuta ikitafuta mahali pa kujificha.

"Mbona hamkupiga simu?" alisema. "Sisi tuko hapa tangu asubuhi. Hakuna aliyetuita. Tulikuwa tunasema leo siku imekuwa njema."

Sijawahi kumchukia mtu asiyenikosea kama nilivyomchukia yule.

*

Mimi si msomi. Darasa la saba nililigusa kwa ncha za vidole nikaliacha. Lakini huo mtaro unaobeba sauti za hospitali niliuchimba mimi, kwa sururu na koleo, pamoja na wenzangu ambao wengine sasa wamekwisha lala chini kuliko mtaro wenyewe.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka uleule. Kampuni ya simu ilituajiri vibarua tuchimbe kutoka jengo lao la mjini hadi hospitalini. Zamani hospitali ilikuwa na mtandao wake na mji ulikuwa na wake, kila mmoja kivyake, kama wake wenza wasiosalimiana. Sasa wakubwa walitaka iunganishwe. Meneja wa ufundi, Bwana Mutambo, alikuja siku moja amevaa kofia ya usalama nyeupe kama yai, akasimama juu ya udongo wetu.

"Wazee wangu, chimbeni kwa moyo," alisema. "Hamchimbi mtaro. Mnachimba uhai."

"Uhai wenyewe una mawe, bwana mkubwa," mmoja wetu alimjibu, tukacheka, naye akacheka, akaangalia saa yake, akaondoka.

Bupe alikuwa akiniletea munkoyo ya baridi, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, kwenye kopo lenye mfuniko. Siku tuliyokuwa tukilaza yale mabomba ya rangi ya chungwa aliuliza ni nini kitapita humo.

"Sauti," nikamwambia.

"Sauti za nani?"

"Za wagonjwa. Na za wanaowaita madaktari."

Aliweka kopo chini, akakunja kitenge, akapiga magoti kwenye ukingo wa mtaro na kuinamisha uso wake mpaka mdomo wa bomba. "Hodi!" alipaza. "Hodi humo! Kuna mtu?" Vibarua walikufa kwa kicheko. Akainuka akijipangusa magoti. "Nawapimia tu," alisema. "Msije mkazika bomba lililoziba."

Halikuwa limeziba. Hilo nitamwambia siku nitakayomkuta.

Kisha ikaja siku ya uzinduzi. Waziri alitoka Lusaka na msafara wake, shule zikafungwa, ngoma zikapigwa. Nasikia mafundi waliomba wapewe muda zaidi, wakaambiwa waziri hana muda zaidi. Mbele ya watu, kwenye ukumbi wa hospitali, mheshimiwa aliinua mkono wa simu iliyokuwa mezani akabonyeza zile tarakimu tatu, na katika chumba cha pili simu ikalia, sote tukaisikia kupitia ukutani. Makofi! Wachimbaji tukapewa soda. Hakuna aliyeuliza mheshimiwa amepiga kutoka upande gani wa mtaro. Alikuwa hospitalini, akaipigia hospitali. Mtu akiwa ndani ya nyumba akajibishia hodi mwenyewe, ataacha kufunguliwa?

*

Msibani wanawake walijaa ndani na wanaume tulikaa nje kuzunguka moto. Siku ya pili alikuja mtani wetu Maseko, Mngoni, mzee wa kupindua maneno. Alifunga uzi mwekundu katikati ya lango na kutukataza kupita.

"Nani kawapa ruhusa ya kulia bila kibali changu?" alifoka. "Walaji wa nyani wakubwa nyie!"

"Mla panya, tupishe!" watu wakamjibu.

"Panya ana adabu zake. Akishanaswa anakufa palepale. Hakai akisubiri gari la serikali."

Kicheko kilianza kikafia njiani. Maseko mwenyewe alisikia alichokisema. Aliukata ule uzi kwa meno, akaja kuketi kando yangu, akaniwekea mkono gotini.

"Baba Kalaba, nimekuja kukutukana, ni kazi yangu, lakini leo matusi yamenikwama kooni. Hebu niambie. Mlipobisha hodi, walisikia?"

"Sijui, mtani."

"Nyinyi Wabemba ndivyo mlivyoumbwa. Mtu anajamba mwenyewe, halafu anauliza nani kabisha hodi." Alitikisa kichwa. "Ila hao wakubwa wako wa simu, hao hata tusi lao sijalipata."

Baada ya mazishi ndipo lilipokuja jambo ambalo naishi nalo hadi leo. Kwetu, mume aliyefiwa hubaki na mzimu wa mkewe mwilini mpaka ukoo wa mke umfungue. Enzi za babu zetu walifungua kwa njia nyingine. Siku hizi wanakufunga ushanga mmoja mweupe mkononi, wanakuambia nenda, na unakwenda. Usipofungwa ushanga huo, huoi, hushiki mbegu za mwenzako siku ya kupanda, na mama mwenye mtoto mchanga akikuona anahamishia mtoto bega la pili.

Mwenye ushanga alikuwa Mjomba Chisanga, ndugu wa mama yake Bupe. Alikuwa mlipuaji wa baruti mgodini enzi zake na sikio lake moja limebaki huko chini. Tulikuwa sebuleni kwake, ukoo wote, viti vimevishwa vitambaa. Nilinyoosha mkono. Aliutoa ushanga ukiwa kwenye uzi wake, akautazama, akanitazama mimi. Kisha akaurudisha kwenye kikopo chake cha ugoro na kufunga mfuniko.

"Mkwe," alisema, "mwanetu hakufa kwa pumu. Pumu aliishi nayo tangu akitambaa, walikuwa wanajuana. Amekufa kwa sababu simu ilikataa. Nani aliikataza?"

"Sijui, mjomba."

"Basi ukajue. Niletee jina. Siwezi kumfungua mtu wakati sijui ni nani aliyemfunga."

"Nitalitoa wapi jina mimi, mtu wa koleo?"

"Si wewe uliyechimba?" alisema, na wote wakainama kutazama sakafu.

*

Nilikwenda. Nilivaa koti la kanisani nikaenda kwa Bwana Mutambo. Aliniamkia vizuri, aliniita mzee wangu, alinipa kiti cha magurudumu ambacho kila nikijaribu kukaa sawa kinanikimbia. Alisema wao Kampuni waliupokea mtandao kutoka kwa mkandarasi ukiwa mzima, niende kwa mkandarasi. Mkandarasi alisema yeye alifuata maelekezo ya wizara. Wizarani, Lusaka, nilikolala stendi ya mabasi nikiwa nimekumbatia viatu vyangu, mwanamke mwenye miwani alinisomea kwamba mtandao wa Kapili ulikaguliwa na uko salama.

"Nani alisema uko salama, mama?"

"Kampuni."

Nikarudi Kampuni. Bwana Mutambo, safari hii bila kiti, alisema mtandao uko salama.

"Nani alisema, bwana mkubwa?"

"Wizara imethibitisha, mzee wangu. Sasa unataka nani tena, Mungu?"

Nilizungushwa kama pia. Kila mlango ulikuwa umesikia kutoka mlango mwingine, na ukifika huko unakuta nao umesikia kutoka kwa ule wa kwanza. Namba ya dharura, kwa wakati huo, ilikuwa imeshapona. Siku chache baada ya kumzika Bupe iliita, ikapokelewa. Niliipiga mwenyewe. Binti wa upande wa pili aliuliza, "Dharura gani, tafadhali?" nami nikakata simu.

Aliyeniambia ukweli alikuja mwenyewe. Nosiku lilikuwa jina lake, binti wa Kilozi, fundi wa Kampuni. Alisimama langoni, akachuchumaa na kupiga makofi ya heshima kama wafanyavyo kwao, na pembeni yake ameweka mfuko wa unga wa msiba.

"Baba, mimi ndiye niliyetumwa kuitengeneza," alisema. "Wamenikataza kusema. Lakini unga siwezi kuuleta nikiwa mikono mitupu ya maneno."

Tuliketi nyuma ya nyumba, mahali Bupe alipokuwa akianika kisamvu. Alitafuta namna ya kunieleza. Aliokota vijiwe, akaviacha, akaviokota tena.

"Kuna vyombo tunaviita ruta," alisema. "Ndivyo vinavyoelekeza simu ipite wapi. Lakini ruta haizaliwi ikijua njia, baba. Inaambiwa na jirani yake, na jirani aliambiwa na jirani. Sasa ruta za hospitali zina lugha yao, za mjini zina lugha nyingine. Mpakani inawekwa ruta inayojua lugha zote mbili. Inachukua njia za huku, inazitangaza kule."

"Kama mkalimani."

"Kama mkalimani. Na kila njia inayovushwa mpaka inapachikwa jina la ruta iliyoileta. Unajua kwa nini?"

"Ili mwongo ajulikane."

Alitabasamu kidogo. "Karibu sana. Ni ili habari ikizunguka mji mzima ikamrudia aliyeitoa, aone jina lake, ajue kwamba ni yake mwenyewe, aitupe. Bila hivyo ingezunguka milele, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayejua."

Nilimfikiria mwanamke wa miwani kule Lusaka.

"Pale kwetu ziko ruta mbili za mpakani," Nosiku aliendelea. "Moja hospitalini, moja jengo la mjini. Mtu aliiandaa ya kwanza. Kisha, kwa haraka ya uzinduzi, akayachukua maandalizi yake yote akayamwaga kwenye ya pili jinsi yalivyo. Pamoja na jina."

"Ruta mbili, jina moja."

"Ndiyo, baba. Ile ya hospitali ikatangaza: njia ya kwenda kituo cha gari la wagonjwa ni kwangu. Ile ya mjini ikapokea, ikatazama jina. Ikakuta ni jina lake. Ikasema, haya ni maneno yangu yamenirudia. Ikayatupa. Kila simu ya dharura iliyotoka mjini ikafika pale ikakosa njia." Alifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Nilibadilisha tarakimu moja tu. Chai niliyoiacha mezani niliikuta bado ya moto."

Nilimkumbuka Maseko na uzi wake mwekundu. Mtani alikuwa ameligusa tusi akalishika kwa upande usio wake. Mtu alibisha hodi kweli. Wenyewe wakadhani wamejamba.

"Na ni nani aliyeyamwaga?" nikamuuliza. "Nipe jina, mwanangu. Kuna mzee ananidai."

"Ruta haikumbuki hivyo. Inajua inaitwa nani, haijui nani aliiita. Hata ipi ilitangulia na ipi ilinakili, ukizitazama huwezi kujua. Ziko sawasawa kama mapacha." Alivitupa vile vijiwe. "Nimewauliza ofisini. Kila mmoja anasema alikuta hivyo."

Nilirudi kwa Bwana Mutambo nikiwa na maneno hayo mdomoni, nami nilidhani nimebeba radi. Nilimwambia: ruta mbili, jina moja, nani alizipa? Hakushtuka hata kidogo kuhusu Bupe. Aliinuka, akafunga mlango.

"Umesikia kwa nani?"

"Nimesikia."

"Mzee, nakuuliza kwa heshima. Nani amekwambia?"

Sikutoa jina, na Mungu wangu anajua. Lakini hawakunihitaji. Walitazama ni nani aliyeifungua ile ruta, saa ngapi, kutoka chumba gani, na kabla ya Jumapili walikuwa wameshajua. Hapo walijua kutafuta chanzo. Hapo hapakuwa na mkandarasi wala wizara. Barabara ilinyooka kama rula. Nosiku walimhamishia huko mbali kwenye mpaka wa Angola kulinda mnara mmoja, na baadaye nikasikia ameacha kazi. Bwana Mutambo alipandishwa cheo. Kofia yake ile ya yai sidhani kama imewahi kuguswa na udongo.

*

Miaka imepita. Kalaba, binti yetu, ameolewa Solwezi. Ana mtoto, na nilipokwenda kumtazama alinipa nimbebe, kisha nikaona mama mkwe wake anavyonitazama, nikamrudisha upesi. Mjukuu wangu namtazama kwa mbali, kama mtu anayeota moto wa jirani.

Kwa Mjomba Chisanga nilikuwa nimeshakwenda zamani, nikamweleza yote, polepole, upande wa sikio lake zima. Nilidhani atasema ni upuuzi wa mashine. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka nirudie pale kwenye jina. Nikarudia.

"Mambo ya majina nayajua," alisema. "Sisi tunawapa watoto wawili jina la babu mmoja, na hakuna anayepotea. Kwa nini? Kwa sababu mtoto akizaliwa yupo mzee anayekaa naye, anaita majina ya marehemu moja moja, na lile analolikubali mtoto ndilo analopewa. Ukiuliza hata baada ya miaka hamsini, utaambiwa: huyu aliitwa na bibi fulani, yule aliitwa na fulani. Jina halijipachiki, mkwe. Linatoka kwenye mdomo wa mtu."

"Ndivyo, mjomba."

"Basi hujaniletea kitu. Umeniletea watoto wawili na jina lao. Mdomo uko wapi?"

Mwaka huu nilimtembelea tena. Amezeeka, hata lile sikio zima limeanza kumwacha. Bila mimi kuomba, alikivuta kikopo chake cha ugoro, akakifungua, akanionyesha. Ushanga bado umo. Umegeuka rangi ya tumbaku. Mtu asiyejua angedhani ni punje ya mtama. Nilinyoosha mkono, ule mkono wa koleo. Aliushika, akaupapasa kwenye kifundo, mahali uzi ungepita, kisha akauachia na kunisogelea ili asikie jibu, kama anavyosogea kila mara, akaniuliza kwa sauti kubwa ya viziwi, mpaka watoto wa nje wakaacha kucheza:

"Ni nani aliyelitaja jina lile mara ya pili?"